Nusu ya Shamba la Valbrousse

Padre Pierre-Claver alikuwa na desturi ya kusoma matangazo harakaharaka, watu wakiwa wameshaanza kutafuta mikoba yao chini ya mabenchi. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwaka 2012, mwishoni mwa misa ya Kifaransa, aliinua juu bahasha nene, akaweka miwani yake sawasawa, akasema kuna barua imefika parokiani kutoka Ufaransa. Aliyeiandika ni notaire, mwanasheria wa mirathi, na anamtafuta mtu aitwaye Ruphin Mugisho Delbousquet, mzaliwa wa Bukavu, ambaye inasemekana anaishi hapa Durban. Kama yumo kanisani, apite sakristia.

Carmel alimgeukia Ruphin huku tabasamu likimjia. Jina lile la tatu, Delbousquet, aliwahi kuliona mara moja tu kwenye karatasi zake za ukimbizi, na alipomuuliza aliambiwa ni jina la mtu aliyemsimamia baba yake kwenye ubatizo. Sasa alitegemea kumwona ameduwaa kama yeye, au pengine anacheka. Ruphin hakuwa anacheka. Alikuwa ameukazia macho mgongo wa mtu wa mbele yake, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, asubuhi ile ya baridi.

"Ruphin, ni wewe," Carmel alimnong'oneza.

Aliyeitika ni Baba mkubwa wa Carmel, Barthélemy, aliyekuwa mabenchi mawili mbele. Alisimama, akageuka, akamtazama Ruphin kwa mara ya kwanza tangu miaka miwili.

Maana ilikuwa ni miaka miwili kamili tangu Ruphin alipopanda ngazi za ghorofa la Berea, akiwa amevaa shati jeupe la kuazima, kwenda kumwomba Barthélemy mkono wa Carmel. Barthélemy ndiye aliyemlea Carmel baada ya baba yake kufariki, na hakuna mtu aliyekuwa na sauti kuliko yeye. Siku ile alimsikiliza mgeni wake mpaka mwisho, kisha akamuuliza kazi yake. Ruphin akasema analinda magari ya wateja mbele ya hoteli moja ya chakula kule Morningside. Barthélemy akamwambia kwa utaratibu kabisa kwamba binti yake amesoma Lubumbashi hadi mwaka wa pili wa chuo, kwamba hakumleta Afrika Kusini aje kuolewa na mtu wa kusimama barabarani na fulana ya kung'aa, na kwamba mlango ni huo. Tangu hapo hakuwahi kumsalimia. Wakikutana kwenye robot, zile taa za barabarani za Berea Road, Barthélemy alikuwa akitazama taa mpaka zibadilike.

Carmel hakuachana naye. Alisuka nywele za watu kutwa nzima kwenye saluni moja kule Point, na jioni Ruphin alikuwa anakuja kumngoja nje, akiwa na karanga za kukaanga ndani ya karatasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza, na Carmel, ambaye kutwa nzima alizungukwa na makelele ya redio na mashine za kukaushia nywele, aliyapenda macho yale kabla hajapenda kitu kingine chochote kwake. Mwaka wa tatu huo ulikuwa unakwenda, na ndoa ilikuwa ileile, ya kungoja.

Sasa Barthélemy ndiye aliyetangulia sakristia. Alipokea bahasha kwa niaba ya "mkwe wangu," hivyo ndivyo alivyomwambia padre, akasema mambo ya urithi hayasomwi kwa kusimamasimama, yanasomwa nyumbani, watu wamekaa. Akapanga Jumamosi, saa saba mchana. Carmel alisikia neno lile, mkwe, likitoka kwenye kinywa kilichomfukuza mtu yuleyule, na hakujua afurahi au aone haya.

Siku sita zilizofuata Ruphin hakuja Point. Carmel alimpigia simu, hakupokea. Alimwandikia, akajibiwa neno moja, kwamba atakuja Jumamosi.

* * *

Alikuja. Alipanda ghorofa nne kwa miguu kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa tangu Pasaka, akaingia akiwa na nguo zake za kazini, na hata Mama mkubwa Marie-Jeanne, mke wa Barthélemy, aliyekuwa akimpenda kisirisiri tangu mwanzo, alishangaa kumwona amekonda vile kwa wiki moja.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha sikukuu. Kulikuwa na fufu, sombe la majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, na katikati, kama mgeni wa heshima, chupa nyembamba yenye kinywaji cha rangi ya asali. Barthélemy alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka duka moja la Morningside kuuliza mvinyo mtamu wa Kifaransa unaofanana na ule wa Valbrousse, shamba alilokwisha kulichungulia kwenye barua. Alimketisha Ruphin upande wake wa kulia. Alimwita mwanangu. Alimtazama usoni akasema, kwa mshangao wa kweli, kwamba kumbe damu inajua kujificha, kwani nani angedhani mtu mweusi kama yeye ana babu mzungu.

Ruphin aliinamisha kichwa.

Carmel ndiye aliyepewa barua aisome, kwa sababu Kifaransa chake ndicho kilichokuwa kizuri kuliko cha wote. Alisoma sentensi moja moja, kisha akaigeuza kwa Kiswahili ili Mama mkubwa afuate vizuri, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka.

Notaire aliandika kwamba shamba la Valbrousse liko kusini ya Bordeaux, kwenye kilima kinachotazama mto mdogo. Mwaka 1781 mjane mmoja, Clémence Delbousquet, alilinunua kutoka kwa watawa, akapanda mizabibu, na tangu hapo halijatoka kwenye ukoo ule. Kila vuli, asubuhi, ukungu unapanda kutoka mtoni na kuifunika mizabibu hadi karibu na adhuhuri, na katika unyevu ule zabibu huota uyoga wa kijivu na kusinyaa kama zilizoharibika. Mgeni angezitupa. Kumbe utamu wote umejikusanya ndani. Wachumaji hupita mara tano, mara sita, wakichuma punje moja moja, zile zilizosinyaa tu, na mti mzima wa mzabibu hutoa bilauri moja ya mvinyo.

"Mti mzima, bilauri moja," Mama Marie-Jeanne alirudia taratibu, akiitazama chupa.

Miaka mia moja baadaye mdudu alikula mizizi yote, ukoo ukang'oa na kupanda upya. Kisha ndugu wawili waligombana wakajenga ukuta katikati ya shamba, na ilichukua miaka thelathini mpaka mtoto wa mmoja wao akaubomoa. Mtoto wa huyo aliyebomoa ukuta ndiye Gaspard. Gaspard hakupenda mizabibu. Mwaka 1955 alikwenda Kivu kufanya kazi kwenye mashamba ya kwinini, akampenda msichana wa Bukavu aitwaye Coletha, akazaa naye mtoto wa kiume, Léonidas, akamwandikisha kwa konsuli kuwa ni mwanawe wa damu. Mwaka 1963 baba yake Gaspard aliugua, akamwita nyumbani. Wazee wa ukoo wakamwambia aje peke yake.

Ndani ya bahasha kulikuwa na nakala ya ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono na Gaspard kabla ya kifo chake. Carmel alianza kuusoma akashindwa, akaanza tena.

"Anasema, nilirudi kutunza mizabibu, nikamwacha mtu. Watu husema nimeliokoa shamba. Mimi najua nililolipa. Coletha alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, na hakulia, na mimi nimeyaona macho yake makavu kila asubuhi kwa miaka arobaini na minane. Nusu ya Valbrousse ni ya binti yangu Odile. Nusu ni ya mwanangu Léonidas, na kama hayupo, ni ya watoto wake, na kama hawapo, ni ya watoto wao."

Mama Marie-Jeanne alijifuta macho kwa upande wa kitenge. Kisha Carmel alimalizia: Léonidas amekwishafariki, na mtoto wake pekee anayejulikana ni Ruphin. Atume cheti chake cha kuzaliwa na tamko lililotiwa saini kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Asipoonekana mtu, ile nusu itaingia mikononi mwa kampuni inayotaka kulinunua shamba zima.

Barthélemy alifungua chupa. Alimimina kidogo kidogo kwenye bilauri nne, akasimama, akasema ana neno. Alisema mzee akikosea anasahihishwa na Mungu, na yeye amesahihishwa. Alisema hana tena kizuizi. Ndoa ifungwe kabla karatasi hazijatumwa, ili Carmel aandikwe humo kama mke.

Carmel alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka miwili. Alimtazama Ruphin ili furaha iwakute pamoja. Ruphin alikuwa ameshika bilauri bila kuinywa, akaiweka mezani kwa haraka hata kinywaji kikamwagika juu ya kitambaa cha sikukuu.

"Baba, unisamehe," alisema. "Naomba niongee na Carmel. Kidogo tu."

* * *

Walitoka kwenye baraza nyembamba ya jikoni, palipoanikwa nguo. Kwa mbali zilionekana kreni za bandarini, na chini kabisa kondakta wa taxi alikuwa akiita abiria wa mjini. Ruphin aliuvuta mlango nyuma yake. Alisimama akiwa ameushika ukuta.

"Mimi si Ruphin," alisema.

Carmel alifikiri amemwelewa. Alimwambia asiogope, kama ni Ruphin mwingine anayetafutwa watamwandikia notaire kumweleza, na Baba mkubwa atakasirika siku mbili na kunyamaza.

"Hapana, Carmel. Anayetafutwa ni Ruphin, na Ruphin alikufa. Nilimzika mwenyewe, Tete, Msumbiji, mwezi wa nane mwaka 2006. Jina langu ni Josias. Josias Cirhuza."

Carmel hakupiga kelele. Alisikia tu masikio yake yakiziba, kama mtu aliyezamishwa majini, na aliona midomo ya mtu aliye mbele yake ikiendelea kusema. Ilibidi amwinulie mkono anyamaze, kisha amwambie aanze upya, polepole.

Akaanza upya. Yeye na Ruphin walikua pamoja Bukavu, wakaondoka pamoja, malori kwa malori, Tanzania, Malawi. Mfuko wake yeye Josias, pamoja na karatasi zake zote, uliibiwa njiani. Walipofika Tete Ruphin alishikwa na homa, na siku ya tatu akaishia kwenye kitanda cha masista. Kabla ya kufa alimpa begi lake, akamwomba alifikishe kwa mke wake. Josias alifika Durban akiwa hana hata kipande cha karatasi kinachosema yeye ni nani. Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi afisa alinyoosha mkono akitaka cheti, na cheti kilichokuwamo ndani ya begi kilikuwa ni kimoja, na hakikuwa na picha.

"Nilisema nitarekebisha mwaka unaofuata," alisema. "Kila mwaka nilisema mwaka unaofuata. Halafu nikakuona wewe."

Carmel alifikiria ni mara ngapi alilitaja jina lile. Kwenye sala. Kwenye saluni, akiwatania wenzake. Gizani, peke yake, akijaribu kulitamka pamoja na jina lake mwenyewe kuona kama yanapatana. Miaka mitatu alikuwa anamwita maiti.

Kisha neno moja kati ya yale aliyoyasikia likamrudia.

"Umesema mke wake."

"Julienne. Yuko Uvira sasa. Wana mtoto, msichana. Sesilia. Ana miaka nane."

"Na huyo Julienne anajua?"

Josias alitoa mfukoni simu ndogo ya zamani ambayo Carmel hakuwahi kuiona, akaiwasha, akampa. Alisema anayo tangu mwaka alipofika, na hajawahi kuibadilisha laini yake.

Kulikuwa na ujumbe mmoja tu uliotumwa, wa mwezi wa kumi mwaka 2006. Nimefika. Usijali.

Zilizopokelewa zilikuwa nyingi. Carmel alisoma akiwa ameegemea ukuta. Baba Sesilia, namshukuru Mungu umefika. Baba Sesilia, mtoto ameota meno yote. Baba Sesilia, mbona kimya. Tumehamia Uvira kwa dada yangu. Mtoto ameanza shule, anaandika jina lako. Halafu wa Krismasi ya mwaka juzi: Baba Sesilia, kama umepata mwanamke mwingine huko, sema tu, sitakasirika, ila mtoto ajue. Na wa mwisho, wa Pasaka iliyopita: Mtoto anauliza anafanana na nani.

Carmel alirudi kwenye ule wa Krismasi akausoma mara ya pili. Mwanamke mwingine. Alihesabu miezi, na akaona kwamba wakati Julienne anaandika maneno yale kule Uvira, yeye alikuwa hapa anakula karanga mkononi mwa mtu aliyekuwa na simu ile mfukoni. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Jina ningekusamehe leo hii," alisema. "Watu wangapi tunawajua wana majina ya kuokota. Lakini huyu ulimwandikia kwamba mume wake amefika."

"Niliandika nikiwa sijalala siku mbili. Nilitaka kuandika amekufa, vidole vikakataa. Nikasema nitampigia kesho."

"Na kesho hiyo ikawa miaka sita."

"Ndiyo."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na hilo Carmel alilikumbuka baadaye. Wakati ule hakuwa na nafasi ya kulifikiria, kwa sababu mlango ulifunguliwa na Barthélemy akatokeza, na uso wake ulionyesha kwamba dirisha la jikoni lilikuwa wazi muda wote.

Carmel alijiandaa kwa ghadhabu. Alidhani atamkamata Josias shingoni na kumteremsha ngazi zote nne. Barthélemy hakuinua hata sauti. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto kwenye baraza za majirani, akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

Josias akasema hakuna.

"Basi, mambo iko sawa," Barthélemy alisema. "Serikali ya hapa inakujua kama Ruphin. Kanisa linakujua kama Ruphin. Wazungu wanamtafuta Ruphin. Utatia saini. Mtoto wa Uvira tutamkumbuka kila mwezi, hatakosa kitu. Na Carmel nakupa, hata leo. Nimesema mbele ya mke wangu."

Kati ya yote aliyoyasikia siku ile, hili ndilo lililomshtua Carmel kwa namna ambayo hakuitarajia. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha kusali. Ndiye aliyemwambia Josias kwamba hafai kwa kuwa analinda magari, na sasa, baada ya kujua kwamba ni mwongo, amemwona anafaa.

Josias alimtazama Barthélemy muda mrefu. Carmel aliona vizuri kwamba kile alichokitaka kuliko vyote duniani kimewekwa mbele yake, anachotakiwa ni kunyamaza tu, kama alivyonyamaza miaka yote.

"Hapana, Baba," alisema. "Wiki nzima nimejaribu kukubali. Nimeshindwa. Lile shamba lina mwenyewe."

Barthélemy alianza kumwonya. Alisema akisema ukweli atapoteza karatasi, pengine atafukuzwa nchi, na habari ya kumwoa Carmel aisahau kabisa. Alikuwa bado anaendelea pale Mama Marie-Jeanne aliposema kutoka jikoni, bila kuja mlangoni:

"Barthélemy, ulikuja huku mwaka 2001. Mimi nilibaki Kalemie miaka mitatu nikingoja simu yako. Majirani waliniambia umekufa, wengine waliniambia umeoa Mzulu. Unajua nilikuwa nalala namna gani?"

Barthélemy alipita ndani, akaketi mbele ya bilauri yake, na hakusema neno tena mchana ule.

* * *

Carmel ndiye aliyemwambia Josias apige simu. Sasa hivi, hapohapo, kabla hofu haijapata kesho nyingine. Alimpa simu yake mwenyewe, kisha akabadili mawazo, akamrudishia ile ndogo ya zamani, maana namba hiyo ndiyo Julienne anayoijua.

Iliita mara mbili tu. Kimashine kile kilikuwa na sauti kubwa, na Carmel, akiwa bado juu ya ndoo, alisikia kila kitu.

"Baba Sesilia?" sauti ya mwanamke ilisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekimbia kuipokea.

Josias alifumba macho.

"Hapana, mama. Ni Josias. Josias wa Kadutu, rafiki yake."

Ilisikika redio ya mtu huko Uvira, na mbuzi. Josias akasema yote bila kusimama, kwamba Ruphin hakufika, kwamba alifia Tete, kwamba yeye ndiye aliyeandika ule ujumbe na ndiye aliyenyamaza. Alipomaliza, Carmel alingoja kilio. Alingoja matusi. Alikuwa amejikunja kama mtu anayengoja kupigwa yeye.

"Amezikwa wapi?" Julienne aliuliza.

Josias alimweleza. Makaburi ya misheni, mstari wa pili kutoka ukutani, msalaba wa mbao alioupaka rangi mwenyewe.

"Nani alimfumba macho?"

"Ni mimi."

"Asante," alisema Julienne, na ndipo sauti yake ilipokatika. Walimsikia akilia kwa mbali, kama ameiweka simu chini. Josias aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, akalia naye, simu ikiwa sikioni, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Julienne aliporudi alisema jambo moja zaidi.

"Mimi nilikuwa najua, Josias. Mwaka wa pili nilijua. Mtu wangu hawezi kunyamaza hivyo. Lakini wewe uliandika amefika, basi nikawa siwezi kumlilia. Kama ningekuwa na kaburi, ningepumzika. Hilo ndilo ulilonichukulia."

"Ndiyo, mama."

Carmel aliichukua simu. Alijitambulisha kwa jina tu, hakusema yeye ni nani kwa Josias, akaeleza habari za barua: Gaspard, Coletha, ukungu wa asubuhi, nusu ya shamba. Alisema mtoto wake anatafutwa, na kwamba, Josias akimnong'oneza kando, kadi ya ubatizo ya Sesilia imo kwenye begi la Ruphin, imetunzwa, na ina sahihi ya baba. Julienne alimtaka arudie. Akarudia.

"Kwanza nimwambie mtoto kwamba baba yake amekufa," alisema Julienne. "Hayo ya mizabibu tutaongea kesho."

Barua ya kumjibu notaire iliandikwa jioni ileile juu ya meza yenye doa la mvinyo. Carmel aliandika Kifaransa, Josias akawa anataja tarehe na mahali, na chini kabisa akatia saini ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka sita, polepole, kama anajaribu kukumbuka herufi. Mwezi wa nane notaire alijibu kwamba Sesilia Mugisho Delbousquet ameandikwa kuwa mmiliki wa nusu ya Valbrousse, mama yake akiwa msimamizi, na kwamba Bibi Odile amekataa kuiuzia kampuni sehemu yake na anaomba picha ya mtoto. Josias naye alikwenda ofisi ya wakimbizi na padre, akarudishwa mwisho wa foleni kama mtu aliyefika jana, akapewa karatasi ya miezi mitatu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya Jumamosi, jua likiwa bado halijazama, walishuka ngazi wakiipeleka barua kwa Padre Pierre-Claver ili aigonge mhuri. Karibu na robot ya Berea Road, Josias alisimama.

"Sitakuuliza kama bado unanipenda," alisema. "Ila niambie kama nisikufuate tena."

Carmel alimtazama. Macho yalikuwa yaleyale, yanayosikiliza. Alijaribu kutafuta ndani mwake ile hasira ya kwenye baraza, akaipata, ilikuwapo bado, na pembeni yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa kimeondoka.

"Nimekupenda miaka mitatu bila kukujua," alisema. "Sasa nipe muda nikujue. Nikishakujua ndipo nitaona."

Akavuka barabara na bahasha kwapani. Taa zilibadilika akiwa katikati, taxi zikaanza kupita mfululizo, na Josias akabaki upande wa pili. Carmel alifika ng'ambo. Angeweza kuendelea, njia ya parokiani aliijua. Alisimama kwenye ukingo wa barabara, akageuka, akamngoja.